Maji ya Mama Juu

Kopo la vidonge la mama mkwe lilikuwa limekwisha tena kabla ya mwezi kwisha. Alilitikisa mara moja, likanyamaza. Akalitikisa mara ya pili kwa hasira, kana kwamba vidonge vingeona haya na kurudi.

“Yule mwuza dawa ananiibia,” alisema. “Mwezi wa tatu huu. Mwezi uliopita nilimwita mwizi mbele ya wateja wake. Ananiona kizee, anajua sihesabu.”

“Hesabu basi, mama,” alijibu mwanawe, fundi viatu, aliyekuwa amekaa kizingitini akishona soli. “Umepika shuleni miaka thelathini, leo vidonge vikushinde?”

“Shuleni nilihesabu watoto. Chakula kilijihesabu chenyewe.”

Mkewe fundi alikuwa ameinama akifunga kamba za buti za kazi, na hakuinua uso. Nisikuzungushe, msomaji: mwuza dawa wa watu hakuwa na kosa. Mwizi alikuwa huyu mkamwana, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye mabega ya kubebea gunia, anayemheshimu mama mkwe wake kuliko wakamwana wengi ninaowajua. Vile vilikuwa vidonge vya presha, vya aina ile ya kukojoza, vinavyotoa maji mwilini. Alikuwa na vyake alivyonunua mwenyewe bila cheti na kuvificha ndani ya soksi. Vyake vikiisha, alichota vya mama. Na kila vya mama vilipoisha mapema, vifundo vya miguu ya mama vilivimba, na mkamwana huyohuyo alichemsha maji akaikanda hiyo miguu jioni, moyo ukimsuta.

“Alhamisi ndiyo kesho kutwa,” mumewe alisema. “Nitafunga kazi nikusindikize.”

“Ufunge kazi ili iweje? Wananidunga sindano, hawanipasui.”

“Nasikia wanakutia kitu cha mionzi. Ukirudi unawaka, tutaokoa umeme.”

Mkewe hakucheka. Mezani, chini ya bakuli la sukari, ililala karatasi ya zahanati ya kampuni iliyokuwa imemkosesha usingizi. Kwa kazi, mkamwana huyu alikuwa dereva wa kreni ya mnara, ile ndefu inayojenga maghorofa, na kule kazini walimwita Mama Juu. Kila mwaka kampuni huwapima madereva. Safari hii walimtoa damu wakaikuta nzito: kwa kila sehemu mia, chembe nyekundu hamsini na moja, wakati mwanamke wa kawaida hafiki hamsini. Wakarudia baada ya wiki, ikawa ileile. Damu nzito huganda. Ikiganda kichwani, mtu hupooza. Na mtu akipooza huku ameshika tani tatu za zege juu ya vichwa vya wenzake, hayo si ya kusimulia. Wakamshusha siku ileile, na mshahara ukashuka naye.

Daktari wa zahanati alisema mambo ni mawili. Ama mwili wake unatengeneza chembe nyingi kupita kiasi, na huo ni ugonjwa wa maisha, wa kutolewa damu na kumeza dawa kali, na kreni aisahau kabisa. Ama chembe ni zilezile za siku zote, na kilichopungua ni maji ya damu. Kwa macho, na hata kwa kipimo cha kawaida, huwezi kujua ni lipi. Kuna kipimo kimoja tu cha kuamua, katika hospitali kubwa.

“Mimi ndiye nitakayemsindikiza,” mama mkwe alisema, na akaliweka kopo tupu ndani ya mkoba wake. “Wewe ukiona sindano unazimia.”

*

Ardhini Mama Juu alipewa bendera nyekundu na kuambiwa asimame langoni azuie watu malori yanapoingia. Mtu aliyezoea kuona mji mzima chini ya miguu yake sasa alikula vumbi la magurudumu.

Alijua kazi yake. Alikuwa anashusha fungu la nondo mahali pake kama anayemlaza mtoto mchanga, bila kishindo. Aliyewekwa badala yake ni mwanamume wa makamo aliyeazimwa kutoka eneo jingine, mtu mwema lakini mwoga wa upepo. Mzigo wa dakika tano aliufanya wa robo saa. Mama Juu aliangalia ndoano ikiyumba huko juu na mikono yake ikawa inacheza yenyewe kando ya mapaja, ikivuta wenzo usiokuwepo.

“Mama Juu!” nyapara alimwita kwa kejeli. “Au tukuite Mama Chini siku hizi?”

Nyapara huyu aliitwa Spika, kwa sababu alisema kila kitu kwa sauti ya kutangazia mkutano, na redio ya mkononi ilikuwa haimtoki mdomoni. Ndiye aliyeanzisha yote haya, ingawa mwenyewe hakujua na angeapa kwamba hahusiki.

Ilikuwa mwaka mmoja nyuma, wiki ya pili ya kazi hii. Kutoka kibanda cha dereva kule juu hadi chini ni ngazi za dakika kumi na tano, na kurudi juu ni ishirini na ushei. Wanaume wanaoendesha kreni hupanda na chupa tupu; halisemwi, lakini linajulikana. Mwanamke chupa itamfaa nini? Saa tano mchana Mama Juu alibanwa, akaomba ruhusa redioni kwa maneno ya adabu. Na Spika akatangaza, redio zote za eneo zikisikia, wapaka rangi, mafundi umeme, walinzi, madereva wa malori:

“Jamani, pumzikeni! Kreni imesimama. Mama Juu anashuka kukojoa! Akimaliza atatuarifu.”

Alishuka ngazi zote zile kicheko kikimpokea ghorofa kwa ghorofa. Chini akakuta choo chenyewe ni mabati matatu na upande wa nne uko wazi. Mwanamke mmoja anayefagia saruji alimshikia khanga mbele. Aliporudi juu, watu arobaini walikuwa wamesimama wakimngoja, na mmoja akapiga makofi.

Tangu siku hiyo hakushuka tena. Kila alfajiri alimeza kidonge, akaenda chooni mara nne kabla ya kutoka nyumbani, akakausha mwili kama mtu anayekamua nguo, kisha asitie tone mdomoni mpaka jua linazama. Midomo ilimpasuka, kichwa kikamgonga, lakini hakuna aliyemtangaza tena. Hata sasa akiwa ardhini aliendelea, maana yale mabati matatu yalikuwa bado matatu.

*

Chumba cha vipimo vya mionzi kilikuwa chini kabisa ya hospitali, mwisho wa ukumbi mrefu, na mlangoni pana alama ya manjano yenye mapanga matatu. Mama mkwe aliiangalia ile alama akasoma dua kimyakimya. Mkamwana aliangalia kitu kingine: mlango wa pili kulia, ulioandikwa CHOO. Akaingia. Kulikuwa na taa, maji, na kitasa cha ndani. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena, kusikia tu kinavyolia.

Mpimaji alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye penseli sikioni. Aliuliza maswali yake akiandika.

“Una mimba? Unanyonyesha?”

“Hapana.”

“Zile dawa za matone za kukinga tezi ya shingo ulianza jana kama ulivyoambiwa?”

“Ndiyo.”

“Dawa nyingine yoyote unayotumia? Ya hospitali, ya duka, ya miti?”

“Hakuna.”

“Huyu hata dawa ya kichwa hamezi,” mama mkwe alimsaidia kushuhudia. “Ni mtu wa chuma.”

Mtu wa chuma alikuwa amemeza kidonge alfajiri ileile, kwa mazoea na kwa kuogopa vyoo vya ugenini, na sasa kilikuwa kinafanya kazi yake. Kabla ya kulazwa kitandani alikwenda tena kwenye mlango wa pili kulia. Halafu akaenda tena.

“Mara ya tatu?” mama mkwe aliuliza.

“Ni woga, mama.”

Alilala chali nusu saa bila kutikisika, damu itulie. Kisha mpimaji akaleta bomba la sindano ndani ya kifuko cha madini ya risasi cha kuzuia mionzi, naye mama mkwe akasogeza kiti chake nyuma kwa heshima.

“Usiogope, mama,” mpimaji alimwambia aliyelala. “Hii ni protini ya damu, iliyotiwa alama ya mionzi kidogo sana. Naiingiza mkono wa kulia. Itazunguka na kuchanganyika na majimaji ya damu. Baada ya dakika kumi, ishirini na thelathini nitatoa damu mkono wa kushoto, nione ile alama imepungua ukali kiasi gani. Nilichoingiza nakijua. Nikijua kimezimuliwa vipi, najua kimeingia kwenye maji kiasi gani.”

Mama mkwe alirudisha kiti mbele.

“Hiyo mbona chumvi,” alisema.

“Chumvi vipi?”

“Pale shuleni nilikuwa na sufuria ya kuogea mtu mzima. Huwezi kuipima maji kwa kikombe, utakesha. Natia kibaba kimoja cha chumvi, nakoroga, nasubiri, naonja. Ikiwa kali, maji ni machache. Ikiwa chapwa, maji ni mengi. Sikukosea hata siku moja.”

Mpimaji aliitoa penseli sikioni, akamtazama yule kizee kwa muda. “Mimi nilikaa chuoni miaka minne kujifunza hiyo.”

“Ungekuja jikoni kwangu.”

Wakacheka wote isipokuwa aliyelala. Yeye alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Dakika kumi, kichupa cha kwanza. Alikuwa amebanwa tayari. Dakika ishirini, cha pili. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Alizoea kubanwa akiwa peke yake juu mawinguni, si mbele ya mama mkwe. Dakika ya thelathini mpimaji alipochomoa sindano na kusema “tayari,” Mama Juu alishuka kitandani na kutoka kwa hatua ndefu bila kuaga, na mama mkwe akabaki akiutazama mlango. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na kopo.

Huku nyuma mpimaji alizungusha damu kwenye mashine mpaka chembe zikatua chini na majimaji ya rangi ya majani makavu yakabaki juu. Akayachota, akayaingiza kwenye mashine ya kuhesabia, akaweka nukta tatu kwenye karatasi ya miraba na kuvuta mstari kurudi nyuma hadi dakika ya sifuri. Jibu lilimfanya aikazie macho ile karatasi. Mwanamke wa umbo lile hukosi kumkuta na majimaji karibu lita tatu. Huyu alikuwa na lita mbili na kidogo. Akajishuku mwenyewe kwanza, kama wafanyavyo wapimaji wazuri. Labda dawa ilivuja nje ya mshipa? Lakini ikivuja, maji huonekana mengi kuliko yalivyo, si machache. Labda alikosea kipimo cha kulinganishia? Akakihesabu upya, akahesabu na mabaki ndani ya bomba, akarudia vichupa vyote vitatu. Lita mbili na kidogo. Mashine haina aibu wala haioneani haya na mtu. Akachukua karatasi akapanda nayo juu kwa daktari.

*

Daktari wa damu alikuwa mwanamke mwenye mvi na miwani aliyoitundika shingoni kwa uzi. Aliwakalisha mkwe na mkamwana upande mmoja wa meza.

“Nianze na jema,” alisema. “Chembe zako nyekundu ni za kawaida. Huna ule ugonjwa. Damu yako imekuwa nzito kwa sababu maji yake yamepungua, basi.”

Mama mkwe alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Mama Juu alihisi mabega yake yameteremka yenyewe, kama ndoano iliyotuliwa mzigo. Machozi yalimjia.

“Sasa naweza kupanda?”

“Ngoja, mwanangu. Maji hayatoki mwilini bila njia. Umepoteza karibu theluthi. Yanakwenda wapi? Labda figo zina matatizo. Labda ni tezi. Dawa za kukojoza nazo hufanya hivi hivi, lakini hapa imeandikwa hutumii dawa yoyote. Basi itabidi tukulaze tutafute. Mpaka tujue, siwezi kuandika kwamba wewe ni mzima. Na zahanati yenu imesema bila hiyo barua kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi yako inakwenda kwa mwingine.”

Mama mkwe aligeuka polepole. Alimtazama mkamwana wake, akautazama mkoba, na kila kitu kikajipanga kichwani mwake: kopo, miezi mitatu, mara ya tatu chooni. Angeweza kusema neno moja tu. Alikuwa na haki nalo. Badala yake aliweka mkono mezani, akajiinua.

“Daktari, hebu nitoke nje kidogo nivute hewa,” alisema. “Hapa mna joto.”

Hapakuwa na joto. Alikuwa anampisha mwenzake aseme la kusema bila shahidi. Mama Juu alilielewa hilo, na ndilo lililomvunja.

“Kaa, mama,” alisema, akamshika kiganja. “Nimechoka kujificha. Daktari, nilidanganya. Nameza vidonge vya kukojoza. Kila siku ya kazi, mwaka mzima. Vingine nanunua, vingine naviiba kwenye kopo la huyu mama yangu, na miguu yake inavimba kwa ajili yangu.”

Akasema yote, ngazi, redio, kicheko, mabati matatu. Hata makofi hakuyaruka. Daktari hakuandika kitu. Alivua miwani akaifuta na koti, akaivaa, akaivua tena.

“Mficha maradhi kilio humuumbua,” alisema mwishowe. “Umeponea chupuchupu. Lakini mimi nimekuwa daktari miaka ishirini na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza kutumia mashine ya mionzi kugundua kwamba mahali fulani hakuna choo.”

Akavuta karatasi yenye nembo ya hospitali. “Uache hivyo vidonge leo. Unywe maji. Wiki mbili, urudi nikutoe damu. Barua nitakuandikia mimi mwenyewe, na nitaiandika vizuri.”

Ukumbini mama mkwe alitembea mbele, kasi kuliko miguu yake ilivyopenda. Kwenye benchi la mwisho akakaa.

“Nilimwita mtu mwizi mbele za watu,” alisema.

“Nisamehe, mama.”

“Miguu yangu uliiona ikivimba.”

“Niliiona.”

“Ukaikanda. Nikawa nawaambia majirani, mkamwana wangu ana mkono wa huruma.” Alilitoa kopo tupu mkobani akaliweka juu ya mapaja. “Ungeniambia! Unadhani wewe ndiye wa kwanza? Pale shuleni choo kilikuwa cha walimu. Ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Mpishi akibanwa, anavua aproni, anagonga ofisini, anasema, ‘Samahani mwalimu, naomba ufunguo.’ Anakutazama juu mpaka chini ndipo akupe. Miaka thelathini niliomba ufunguo, nikawa nakunywa maji nusu kikombe kutwa, mbele ya sufuria inayochemka.”

Mama Juu hakuwa amewahi kulisikia hilo, wala mumewe, aliyezaliwa na kizee huyo.

“Basi sikiliza,” kizee alisema akisimama. “Kule usirudi bila mlango. Wakikupa barua, wakikupa kreni, wakikupa maua, waambie mlango kwanza. Na kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kumwomba radhi mwuza dawa. Utasema wewe. Mimi nitasimama pembeni nione haya.”

*

Wiki mbili alikunywa maji mpaka mumewe akasema watahamia mtoni. Siku za mwanzo miguu ilimvimba, kisha ikatulia. Kichwa kikaacha kugonga. Alipopimwa tena, hamsini na moja ilikuwa imeshuka hadi arobaini na nne. Daktari akatia sahihi na muhuri, na barua ikaingia kwenye bahasha.

Ofisi ya injinia ilikuwa kontena lenye dirisha moja. Injinia aliisoma barua juujuu, akaona maneno “ni mzima,” akapiga meza kwa furaha.

“Safi! Panda leo hii. Tumechelewa siku kumi na moja.”

Spika alikuwa amesimama mlangoni. “Karibu tena, Mama Juu. Ndoano imekukumbuka.”

Mama Juu aliivua kofia yake ya kazi, akaishika mkononi. Kazi aliyoililia ilikuwa mbele yake. Ilihitaji tu aseme ndiyo. Aliwaza kodi ya nyumba, akawaza ufunguo wa mwalimu mkuu.

“Nitapanda choo kikiwa na mlango,” alisema. “Na kitasa cha ndani. Na nikihitaji kushuka, nishuke bila kutangazwa.”

Spika alicheka. Injinia hakucheka, lakini alitabasamu kama mtu anayeombwa pipi.

“Hilo tutaliangalia wiki ijayo.”

“Basi na mimi nitapanda wiki ijayo.”

“Mama, unajua nina mtu juu tayari?”

“Namwona. Na wewe unamwona.”

Wote watatu wakatazama dirishani. Fungu la mabomba lilikuwa limening’inia juu ya ghorofa ya tisa, likitafuta pa kutua, na wanaume sita chini yake walikuwa wamekaa kitako wakivuta sigara.

“Naomba uisome barua mpaka mwisho,” Mama Juu aliongeza. “Daktari aliiandika kwa bidii.”

Injinia aliirudia. Safari hii alisoma polepole, na alipofika chini tabasamu lilikuwa limekwisha. Daktari aliandika hivi: *Sababu ya damu kuwa nzito ni kwamba mfanyakazi hanywi maji akiwa kazini na alikuwa akimeza dawa za kuyatoa mwilini, kwa kukosa choo. Tiba: choo chenye mlango. Dozi: kila anapohitaji. Asipandishwe kwenye kreni kabla tiba haijapatikana. Nakala ya barua hii inabaki kwenye faili lake hospitalini.*

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Alielewa upesi maana ya nakala iliyo kwenye faili la hospitali siku mtu atakapoanguka kutoka juu. Akaikunja barua kwa uangalifu.

“Spika,” alisema, “mafundi seremala wako wapi?”

“Ghorofa ya nne, bosi, wanafunga fremu.”

“Washushe. Wote. Na wewe utasimamia hicho choo mpaka kikamilike.”

*

Kilichukua siku mbili. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, kitasa cha chuma, na ndani paliwekwa ndoo na bomba la maji. Siku ya tatu asubuhi fundi viatu alimkabidhi mkewe mfuko wa ngozi alioushona kwa siri, wenye mkanda wa kutundika, saizi ya chupa ya lita mbili. Hakufanya mzaha hata mmoja. Mama mkwe aliutia chupa iliyojaa, akautikisa kusikia maji yakicheza, akaridhika.

Mama Juu alipanda. Hatua zile zile, upepo uleule, na kibandani kiti kilikuwa kimewekwa mbali na mtu mwenye miguu mirefu kuliko yake. Akakirudisha. Saa mbili alikuwa ameshalaza mafungu saba ya nondo, na wale wavuta sigara hawakupata nafasi ya kuwasha kiberiti. Saa tatu alikunywa maji. Saa nne akanywa tena, kidogo kidogo, akiutazama mji wake. Saa tano kamili akabanwa.

Aliutua mzigo, akaiacha ndoano tupu, akashika redio. Kidole kilikaa juu ya kitufe bila kubonyeza. Kule chini aliwaona wote, wadogo, wenye kofia za manjano. Kicheko cha mwaka jana kilikuwa bado kinaishi masikioni mwake, na kwa sekunde chache alitamani kidonge. Kisha akabonyeza, na hakutafuta maneno ya adabu.

“Hapa kreni. Ndoano iko tupu, breki imefungwa. Nashuka chooni. Mtanisubiri.”

Redio ilikoroma tupu. Hakuna aliyecheka. Halafu ikaja sauti ya Spika, ya chini isiyo ya kawaida, kama ya mtu anayezungumza ndani ya nyumba.

“Sawa, Mama Juu. Tunasubiri.”

Alishuka dakika kumi na tano bila kukimbia. Ghorofa ya tisa walimpisha ngazi. Ya sita fundi umeme mmoja alimwamkia. Chini alikuta wanawake watatu wamepanga foleni mbele ya ule mlango mpya, wafagia saruji na mbeba maji, na yule wa khanga alikuwa wa kwanza. Nao mwaka mzima walikuwa wamebana. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

“Pita wewe, dada,” yule wa khanga alisema. “Kazi imesimama kwa ajili yako.”

“Acha isimame,” alisema Mama Juu. “Tangulia, dada. Zamu ni yako.”

Akajipanga wa nne, mikono nyuma, akasubiri kama wenzake. Zamu yake ilipofika aliingia, akavuta mlango, akafunga kitasa kwa ndani. Nje kreni ilikuwa kimya, malori yamezima injini, na ghorofa zima lilisubiri. Hakuharakisha.